Mwenzetu, au Wenzetu wa Makao Makuu? Namna ya Kuleta Mabadiliko Kazini Bila Kuwapoteza Watu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa afisa utumishi katika kampuni moja ya usambazaji jijini Dar es Salaam, yenye stoo tatu kubwa. Uongozi uliamua kuachana na leja na kadi za stoo, mali yote isomwe kwenye kompyuta. Stoo ya kwanza akapelekwa meneja kutoka makao makuu, msomi, mpole, mwenye maelezo yasiyo na kasoro. Stoo ya pili kazi akapewa mtunza stoo wa hapo hapo, mtu aliyeanza kama kibarua wa kupakua mizigo. Mfumo ule ule, mafunzo yale yale ya siku tatu, fundi yule yule.

Baada ya miezi miwili, stoo ya pili walikuwa wanaingiza mali kwenye kompyuta na kugombana nayo kama wanavyogombana na mtu. Stoo ya kwanza walikuwa na kompyuta safi kabisa, imefunikwa kitambaa, na leja inaendelea kuandikwa chini ya meza. Nilipomuuliza mmoja wao kulikoni, hakuniambia mfumo ni mbaya. Alisema, "Ule mfumo ni wa wenzetu wa makao makuu."

Liangalie hilo neno. Mwenzetu, akiwa mmoja, ni mtu wa kwetu. Wenzetu, wakiwa wengi, mara nyingi wako ng'ambo: wenzetu wa Ulaya, wenzetu wenye magari, wenzetu wa makao makuu. Adabu ipo, na ukuta upo. Mwongozo huu ni kwa yule aliyekabidhiwa mabadiliko ayafikishe kwa watu, na anataka kujua amesimama upande gani wa ukuta kabla hajaitisha mkutano. Stoo ya tatu nitaifikia baadaye, maana ndiyo iliyonivunjia imani yangu kuwa kuna watu waliozaliwa kuongoza.

Kwanza, kwa nini "sisi" ina nguvu hivi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyekuwa mateka wa vita mikononi mwa Wajerumani na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Bristol, aliwagawa vijana wa shule wa miaka 14 na 15 katika makundi mawili. Katika jaribio moja waliambiwa kundi hili linapenda picha za mchoraji Klee, lile za mchoraji Kandinsky. Ukweli ni kwamba waligawanywa kwa bahati nasibu tu. Kisha kila mmoja akaambiwa awagawie wengine pointi zenye thamani ya fedha, bila kuwajua kwa majina na bila kujigawia mwenyewe. Walipendelea kundi lao. La ajabu zaidi, wengi walikubali kundi lao lipate pungufu ilimradi lizidi lile jingine. Kama picha za mchoraji zinatosha kujenga ukuta, fikiria miaka kumi ya kunywa chai pamoja saa nne asubuhi.

Mwaka 1979 Tajfel na John Turner waliandika nadharia kuhusu jambo hili, na waliowafuata wakaipeleka kwenye uongozi. Watafiti Daan van Knippenberg na Michael Hogg walieleza kwamba kiongozi anayeonekana kubeba sura ya kundi huaminiwa haraka, maana watu huchukulia kwamba anachokitaka yeye ndicho chenye faida kwao. Asiyeonekana hivyo hadaiwi maneno, anadaiwa vitendo. Alexander Haslam, Stephen Reicher na Michael Platow wakaongeza kwamba haitoshi kiongozi kuwa mmoja wetu. Anatakiwa atutetee, aweze kutueleza sisi ni nani, na aifanye "sisi" hiyo ionekane katika taratibu za kila siku.

Maana yake kwako ni hii. Mfanyakazi akisikia mabadiliko, haanzi kupima kama ni mazuri. Anaanza na maswali mawili: anayeyaleta ni wa nani, na yakishapita tutabaki kuwa sisi? Maelezo yako ya faida na gharama yanasikilizwa baada ya hapo, kama yatasikilizwa.

Hatua ya 1: Kaa siku tano usikilize, usitangaze

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Chukua kidaftari. Kaa pale watu wanapoongea bila kujipanga: kwenye chai, kwenye gari la wafanyakazi, kwenye foleni ya kusaini mahudhurio. Usiandike jina la mtu hata mmoja. Wakijua unaandika majina umekwisha, na utakuwa umestahili. Andika maneno tu.

Wanaposema "sisi", wanamaanisha nani? Kampuni nzima, tawi, zamu ya usiku, madereva? Nimekuta kiwandani "sisi" ikiishia kwenye mlango wa chumba kimoja. Nani anaitwa "wao", nani "wakubwa", nani "ofisi"? Ukisikia "ofisi imesema", ujue ofisi ni kiumbe cha mbali. Sikiliza pia vitenzi. "Tumeletewa" na "tumeambiwa" si sawa na "tumeamua" na "tunajaribu". Mtu anayesema "tumeletewa mfumo" anaongea kama mtu aliyeletewa mgeni bila taarifa: atamkaribisha, lakini chakula hakikupangwa.

Halafu msikilize "mwenzetu" wa kejeli. "Mwenzetu siku hizi ana kiyoyozi." "Mwenzetu hapandi tena gari la wafanyakazi." Kama huyo mwenzetu ni wewe, umeshapata taarifa ya bure ambayo mshauri angekutoza mamilioni kuifikia.

Hatua ya 2: Tafuta "sisi" ya kazi, si ya ukoo

Ukishajua mipaka, uliza kilichomo ndani. Maswali matatu yananitosha: Mtu akisifiwa hapa, husifiwa kwa lipi? Siku gani mlijivunia kazi hii? Nani akistaafu pengo lake litaonekana, na kwa nini?

Kwenye stoo zetu jibu lilikuwa moja: hapa hakipotei kitu. Walijivunia kwamba mwisho wa mwaka mali ikihesabiwa, idadi inalingana na leja mpaka misumari. Na hasira yao kubwa ilikuwa kusingiziwa wizi kila hesabu ya ofisi ilipokosewa. Yule mtunza stoo wa stoo ya pili alilijua hili kwa sababu alishawahi kusingiziwa. Hakuwaambia kompyuta ni ya kisasa. Aliwaambia, "Hii kompyuta ni shahidi wetu. Saa mali ilipoingia imo, saa ilipotoka imo, na jina la aliyeitaka limo. Sasa waje watuulize." Meneja wa makao makuu, kwa nia njema kabisa, aliwaambia mfumo utapunguza upotevu wa mali. Wao wakasikia: mnaiba.

Hapa nitoe onyo, kwa sababu katika nchi zetu neno "mwenzetu" lina mlango wa nyuma. Lipo la kazi, na lipo la kabila, dini, mkoa, au chuo tulichosoma wote. Hilo la pili linafanya kazi haraka sana, ndiyo maana linavutia. Ukilitumia kupitisha mabadiliko utapata robo ya wafanyakazi kwa wiki moja na kuwapoteza waliobaki kwa miaka. Kenya waliliona hatari hilo kiasi cha kuliwekea sheria: Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Basi jiulize: hii "sisi" ninayoijenga, mfanyakazi aliyeajiriwa jana kutoka mkoa mwingine anaweza kuingia kwa kufanya kazi vizuri? Kama hawezi, iache.

Hatua ya 3: Hesabu akiba yako kabla ya kukopa

Mwaka 1958 mwanasaikolojia Edwin Hollander alieleza uongozi kwa mfano ambao mwanachama yeyote wa SACCOS atauelewa. Mtu hujiwekea akiba kwa wenzake kwa kufuata desturi zao na kuwafaa. Akiba ikitosha, anaruhusiwa kwenda kinyume na desturi, maana yake kuleta jipya. Vyama vingi vya akiba na mikopo hukukopesha hadi mara tatu ya ulichoweka. Hakuna kinachomkopesha aliyejiunga jana.

Na hapa ndipo stoo ya tatu inapoingia. Baada ya mafanikio ya stoo ya pili, uongozi ukampeleka yule yule mtunza stoo aende akarudie miujiza. Alishindwa. Mtu yule yule, mfumo ule ule, hata mzaha wake wa shahidi aliurudia neno kwa neno. Tulichosahau ni kwamba stoo ya pili na ya tatu zilikuwa na ushindani wa miaka, mpaka kwenye mpira wa bonanza la Mei Mosi. Kule kwake alikuwa mwenzetu. Huku alikuwa "yule wa stoo ya pili", na sasa ana cheo. Akiba haihami na mwenye nayo. Iko kwenye kitabu cha wale waliomwekea.

Kwa hiyo, kama umepandishwa kutoka humo humo, usidhani unayo akiba yote uliyokuwa nayo. Cheo kina makato. Gari, ofisi, mkutano wa wakubwa usioweza kuusimulia, vyote vinakata kidogo kidogo. Weka tena: siku ya kupakua kontena la dharura, vua koti.

Kama ni mgeni, usiigize. Meneja anayekwenda kula kwa mama ntilie siku moja, tena na mpiga picha, anawafundisha watu kwamba anawaona kama maonyesho. Ukitaka kula pale, kula mwezi mzima, na lipa deni lako. Njia ya uhakika zaidi kwa mgeni ni kuwapigania jambo moja lililo lao, ambalo wewe huna faida nalo. Mtunza stoo wetu, baada ya kushindwa kule, aligundua kwamba stoo ya tatu walikuwa wanadai ovataimu ya usiku wa kuhesabu mali, deni la mwaka uliopita, na kila bosi alikuwa akisema "nitalifuatilia". Aliacha habari za kompyuta kwa wiki tatu. Alikwenda uhasibu, akarudi, akaenda tena, mpaka tukaanza kumkimbia, mimi nikiwemo. Ililipwa. Wiki iliyofuata mmoja wao akamwuliza, "Hebu tuonyeshe hiyo kompyuta yako." Bado ilikuwa yake, si yao, lakini swali lilitoka kwao.

Hatua ya 4: Tangaza kisichobadilika kabla ya kinachobadilika

Viongozi hupenda kuanza na "zama mpya". Kwa msikilizaji anayeipenda kazi yake, zama mpya ni tangazo la msiba wa zama zake. Anachohitaji kusikia mapema ni uzi unaoendelea. Tazama matangazo mawili ya jambo moja.

La kwanza: "Kuanzia tarehe 1, kampuni inaachana na mifumo iliyopitwa na wakati. Wafanyakazi wote wanatakiwa kubadilika kifikra ili kuendana na kasi ya teknolojia."

La pili: "Stoo hii haijawahi kupoteza mali, na haitaanza sasa. Watunza stoo ni wale wale, na sahihi ya kutoa mali inabaki kuwa yenu. Kinachobadilika ni mahali pa kuandika: kuanzia tarehe 1 tutaandika kwenye kompyuta. Wiki nne za kwanza tutaandika kote kuwili, kompyuta na leja, na mimi nitakuwa nanyi hapa kila asubuhi. Nani hakupata mafunzo?"

La kwanza lina tusi ndani yake: kubadilika kifikra. Ukimwambia mtu fikra zake zimepitwa na wakati, usimshangae akikataa chai yako. La pili lina ahadi zinazoweza kukaguliwa, na hapo uwe mkweli. Kama kuna watakaopunguzwa, usitangaze kwamba watu ni wale wale. Uongo wa aina hiyo hufuta akiba yote siku moja, na deni lake hurithiwa na bosi atakayefuata.

Hatua ya 5: Gharama ianzie kwako

Mfano mkubwa wa hili tunao nyumbani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulifanywa na TANU, chama tawala cha wakati huo, mwaka 1973. Mamlaka ya kuustawisha mji ikaundwa, Bunge baadaye likawa na makao yake huko, lakini kwa miaka mingi mtumishi wa Dar es Salaam alikwenda Dodoma na begi la siku chache. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa ni kuhama, waziri mkuu Kassim Majaliwa alihamia mwezi Septemba mwaka huo huo. Samia Suluhu Hassan, akiwa makamu wa rais, alifuata Desemba 2017, na rais mwenyewe Oktoba 2019.

Sisemi watumishi walihama kwa mapenzi. Mtumishi wa umma huhamishwa kwa barua, apende asipende, na majengo na fedha navyo vilihitajika. Ninachosema ni kwamba kuna sentensi moja iliyokufa siku waziri mkuu aliposhusha mizigo: "Wakubwa wenyewe wako Oysterbay," yaani kwenye mtaa wa wakubwa jijini Dar es Salaam. Kwenye shirika lako sentensi kama hiyo ipo. Mnatakiwa kusaini mashineni, je, wakurugenzi wanasaini? Posho za safari zimekatwa, na za kwako? Itafute na uiue kabla ya tangazo.

Hatua ya 6: Mkiunganisha mashirika mawili, kumbukeni kuna "sisi" mbili

Huu ndio mtihani mgumu, na sitajidai kuwa una dawa ya haraka. Daan van Knippenberg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walionyesha kwamba baada ya muungano upande wenye nguvu huhisi shirika jipya ni mwendelezo wao, kwa hiyo waliolipenda la zamani hulipenda na jipya. Upande uliomezwa hauna mwendelezo huo. Mapenzi yao kwa la zamani hayana njia ya kuhamia.

Jina ni mahali pa kwanza watu wanapojitafuta. Mwaka 2019 benki za NIC na CBA za Kenya ziliungana zikawa NCBA: mtu wa upande wowote anaweza kunyoosha kidole akaonyesha herufi zake. Tanzania mwaka 2018, mifuko ya hifadhi ya jamii ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF, jina ambalo hakuna hata mfuko mmoja uliokuwa nalo kabla. Ni njia mbili tofauti, na zote zinakwepa kosa kubwa zaidi, yaani la mmoja kubaki na jina lake na wengine kuambiwa "karibuni kwetu".

Kosa hilo hufanyika hata pale jina limetafutwa vizuri. Linafanyika kwa vitu vidogo: fomu za likizo ni za upande mmoja, sare za upande mmoja, na kwenye kikao cha kwanza mwenyekiti anasema "hapa sisi huwa tunafanya hivi". Pitia mwezi wa kwanza wote na hesabu: desturi ngapi zimetoka kila upande? Chukua angalau moja muhimu kutoka kwa wadogo, ile ambayo kweli ni bora, na sema waziwazi imetoka kwao.

Hatua ya 7: Mpinzani asikie jina lake likitajwa vizuri

Anayepinga kwa sauti mara nyingi ndiye anayeipenda "sisi" kuliko wote. Asiyejali hapingi, anasaini na kuendelea na biashara zake za bodaboda. Mpe mpinzani kazi ya kukagua: "Wewe ndiye unayejua mali inapoweza kupotea. Tafuta tundu kwenye mfumo huu." Atayapata, na mengine yatakuwa ya kweli.

Usimnyamazishe, kwa sababu nyingine pia. Kiongozi mwenye akiba kubwa ni hatari. Watu wake watamfuata hata anapokosea, na watamsamehe makosa ambayo mgeni angefukuziwa. Nimeona idara nzima ikishangilia mpango mbovu kwa sababu "mzee wetu" ndiye aliyeuleta. Kama kila mtu anakubaliana nawe tangu siku ya kwanza, rudisha mpango ukaguliwe na mtu asiyekupenda.

Hatua ya 8: Rudi na kidaftari

Baada ya miezi mitatu, kaa tena kwenye chai siku tano. Usiulize "mnauonaje mfumo?", utaambiwa ni mzuri, bosi. Sikiliza lawama. Stoo ya kwanza, ile ya kitambaa, tuliwabadilishia kiongozi na tukaanza upya na hatua ya kwanza. Ilichukua karibu mwaka. Siku moja kompyuta iligoma malori manne yakiwa yamepanga foleni getini, na kijana mmoja akatoka nje akipiga kelele, "Mfumo wetu umezima tena!" Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikaandika neno "wetu" kwenye kidaftari, kisha nikampigia simu fundi.